Kijana Mwenye Kifafa Hajawahi Kukiona Kifafa Chake

Mtu anaweza kuugua kifafa kwa miaka kumi asikione hata mara moja. Kijana wa kidato cha pili anakumbuka kwamba alikuwa amesimama mstarini asubuhi, bendera ikipandishwa, kisha anajikuta amelala chini, sare imejaa vumbi, ulimi unamuuma, kichwa kizito, na wenzake wamemzunguka kwa mbali wakimtazama. Yaliyotokea katikati hayamo kabisa katika kumbukumbu zake. Yamo katika kumbukumbu za waliokuwepo, na kwa hiyo karibu kila atakachokijua kuhusu maradhi yake, pamoja na kila atakachomweleza tabibu, atakipata vinywani mwao. Wakisema waliona jini likimkaba, ataondoka na habari ya jini. Wakisema kwamba shingo ilianza kugeukia kulia, kisha mwili mzima ukakakamaa, halafu mikono na miguu ikatikisika kwa muda wa dakika mbili hivi, tabibu atakuwa amepata pa kuanzia, na mara nyingi maelezo hayo yatamfaa kuliko kipimo chochote atakachoagiza.

Kwa mtoto mdogo mashahidi hao ni wazazi. Kwa kijana ni wanafunzi wenzake: anayelala kitanda cha jirani bwenini, anayekaa naye dawati moja, anayecheza naye mpira jioni. Wao ndio wanaoliona shambulio la kwanza, wao ndio wanaoamua katika dakika ile kama watamkimbia au watabaki naye, na maneno yao ndiyo yatakayosafiri kwa matroni, kwa mzazi na hadi hospitalini. Ninaandika nikiamini kwamba kijana asiye na kifafa anaihitaji elimu hii sawasawa na yule anayekiugua, kwa sababu matibabu ya huyu wa pili huanzia kwenye macho ya yule wa kwanza.

Ubongo hufanya kazi zake zote, kuanzia kunyanyua kikombe hadi kukumbuka jina la mtu, kwa mawasiliano ya umeme mdogo sana kati ya seli zake. Zipo seli zinazochochea na zipo zinazotuliza, na uwiano wa pande hizo mbili ndio unaoyafanya mawasiliano yaende kwa zamu na kwa kipimo. Shambulio hutokea pale uwiano huo unapovunjika kwa muda na kundi kubwa la seli likafyatua umeme wake kwa pamoja. Kinachoonekana kwa nje hutegemea mahali jambo hilo lilipotokea: likiwa katika sehemu inayoongoza mkono, mkono utacheza wenyewe, likiwa katika sehemu ya hisi, mhusika anaweza kunusa harufu isiyokuwepo, likienea ubongo mzima, ataanguka na kupoteza fahamu. Hata hivyo, si kila anayepata shambulio ana kifafa. Kwa kawaida madaktari husema mtu ana kifafa anapokuwa amepata mashambulio mawili au zaidi, yaliyopishana kwa zaidi ya saa 24, bila kichocheo cha papo kwa papo kama vile homa kali, kushuka kwa sukari au pigo la kichwa. Au anapokuwa amepata moja tu, huku uchunguzi ukionyesha kwamba uwezekano wa kurudi ni mkubwa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 50 wanaishi na kifafa, na karibu asilimia 80 yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati kama zetu. Shirika hilohilo linasema kwamba hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila mashambulio endapo wangetambuliwa na kutibiwa ipasavyo. Nawaomba wasomaji wasiipite haraka takwimu hiyo ya pili. Maana yake ni kwamba wengi wa wale tunaowaona wakianguka mwaka baada ya mwaka, na tukaamini kuwa ndivyo walivyoandikiwa, wangeweza kuacha kuanguka kwa vidonge. Kimojawapo cha vidonge hivyo, fenobabitoni, kinatumika kwa kifafa tangu mwaka 1912 na ni miongoni mwa dawa za bei nafuu kabisa.

Maneno tunayoyachanganya

Tunayo maneno mengi ya kumwelezea mtu aliyeanguka, na ugumu wa kwanza ni kwamba tunayatumia kana kwamba ni neno moja. Lipo degedege, ambalo katika maeneo mengi ya pwani limehusishwa na dege, kiumbe arukaye usiku ambaye inaaminika humdhuru mtoto. Kitabibu, degedege ni mtukutiko wa mtoto mdogo, kwa kawaida wa chini ya miaka mitano, unaoletwa na homa, na watoto walio wengi hukua wakaachana nao bila kubaki na athari yoyote. Lakini malaria iliyopanda kichwani, au mtukutiko uliochukua muda mrefu mno, unaweza kuacha kovu katika ubongo, na kovu hilo likaja kujitokeza kama kifafa miezi au miaka baadaye. Ndiyo maana mzazi anayesema kwamba mwanawe aliwahi kuugua degedege kali akiwa mdogo anampa tabibu habari ya maana, ilhali anayesema kwamba kijana wake wa miaka 16 ana degedege anakuwa amempa jina lisiloeleza kitu.

Lipo pia neno kuzimia. Mwanafunzi aliyesimama juani bila kunywa chai huanza kuona giza, hutoka jasho, masikio humvuma, kisha mwili hulegea akaanguka, na akishalala chini damu hurudi kichwani akazinduka upesi, akijua alipo. Baadhi yao hutikisika mara mbili tatu wakiwa chini, na mitikisiko hiyo midogo imewafanya vijana wengi waitwe wagonjwa wa kifafa bila ya kuwa nacho. Tofauti kubwa iko mwanzoni na mwishoni: aliyezimia alihisi jambo likija na huamka na akili zake, wakati aliyeshikwa na kifafa cha mwili mzima mara nyingi huanguka ghafla na huamka akiwa amechanganyikiwa.

Kisha yapo mapepo, na hapa inatubidi twende polepole. Shule kadhaa, hasa za wasichana, zimeshuhudia siku ambazo wanafunzi wengi hupiga mayowe na kuanguka kwa mkupuo. Tukio lililoandikwa sana katika historia yetu lilitokea Kashasha, karibu na Bukoba, mwezi Januari 1962, pale kicheko kisichozuilika kilipoanza kwa wasichana wachache na kuenea hadi kikawakumba 95 kati ya wanafunzi 159, na mwezi Machi shule ikafungwa. Haikuonekana sumu wala kijidudu, na wataalamu waliliona kuwa ni mfadhaiko wa kundi uliopita katika miili. Kifafa hakienei namna hiyo, kwa kuwa hakiambukizwi kwa kuonwa, kwa kuguswa wala kwa kuogopwa. Yupo vilevile kijana mmoja mmoja anayepata mashambulio yanayofanana na kifafa lakini chanzo chake ni msongo wa nafsi: mara nyingi macho yake huwa yamefumbwa kwa nguvu, mitikisiko huja na kukoma na kuja tena, na tukio huweza kuchukua dakika nyingi sana. Huyo hajifanyi, wala haitafuti huruma ya mtu. Anaumwa kweli, isipokuwa dawa za kifafa hazitamsaidia na anahitaji tiba ya aina nyingine. Kwa kuwa mtu mmoja anaweza kuwa na hali zote mbili, mwalimu au mwanafunzi asijipe kazi ya kuamua ni ipi; kazi yake ni kuangalia vizuri na kueleza alichokiona.

Kikombe kinachoruka asubuhi

Kifafa chenyewe nacho ni jina moja lililofunika magonjwa mengi, na baadhi ya magonjwa hayo huchagua umri wa ujana kuanza. Nitakaa zaidi kwenye aina moja, kwa sababu ndiyo inayopotezwa mara nyingi zaidi ilhali dalili zake za mwanzo ziko wazi kwa yeyote anayeishi na kijana. Huanza kati ya miaka 12 na 18. Asubuhi, muda mfupi baada ya kuamka, mabega au mikono ya kijana hushtuka ghafla kana kwamba amepigwa na umeme, mara moja au mfululizo, akiwa na fahamu zake timamu. Mswaki unamruka. Chai inamwagika, na anafokewa kwa uzembe. Kwa kuwa haanguki, hakuna anayefikiria ugonjwa, wala yeye mwenyewe hafikirii. Hujifunza tu kutoshika kikombe kilichojaa kabla ya saa mbili asubuhi. Miezi au mwaka ukipita, siku moja baada ya usiku asiolala vya kutosha, mishtuko hiyo hufuatana kwa kasi na kuishia katika shambulio la mwili mzima. Hapo ndipo anapelekwa hospitalini, na anapoulizwa kama hilo ndilo shambulio la kwanza, anajibu kwa uaminifu kabisa kwamba ndiyo.

Jibu hilo linaweza kumgharimu. Kabamazepini, dawa nzuri na inayotumika sana kwa kifafa kinachoanzia sehemu moja ya ubongo, inaweza kuizidisha mishtuko hii ya asubuhi badala ya kuituliza. Tabibu asiyeambiwa habari ya kikombe anaweza kutoa dawa isiyomfaa mgonjwa huyu, kisha wote wawili wakashangaa kwa nini hali inazidi. Kipimo cha umeme wa ubongo husaidia, lakini hakipatikani kila mahali, na hata kinapopatikana kinaweza kutoka safi kwa mtu mwenye kifafa cha kweli, kwa sababu hunasa tu kinachotokea katika muda ule mfupi wa kupimwa. Simulizi ya anayelala naye chumba kimoja haina ukomo huo.

Aina nyingine humfanya kijana aduwae. Akiwa katikati ya sentensi hunyamaza, macho yanaganda, kope zinapepesa, kisha baada ya sekunde chache huendelea kama kwamba hakuna kilichotokea, na anakuwa amekosa kipande cha somo asichojua kwamba amekikosa. Hilo likijirudia mara nyingi kwa siku, alama zake hushuka na ripoti yake huandikwa kwamba ni mvivu na anaota ndoto darasani. Aina nyingine tena huanza na hisia ya ajabu inayopanda kutoka tumboni kuja kooni, au hofu isiyo na sababu, halafu mhusika hutafuna bila kitu mdomoni, huchezea vifungo vya shati, hutembea akapita katikati ya watu bila kuwajibu, na dakika moja au mbili baadaye hurudi katika hali yake hajui alikopitia. Kwa maoni yangu hii ndiyo aina inayoeleweka vibaya kuliko zote katika jamii yetu, kwa sababu haina mapovu wala kuanguka ambavyo watu wamezoea kuviita kifafa, na mtu anayetembea bila kujitambua huonekana wazi kwa wengi kuwa amepandwa na kitu.

Usingizi ndio kichocheo ambacho maisha ya shule hukigusa moja kwa moja. Mwanafunzi wa bweni huamshwa alfajiri kwa usafi, husoma prepu ya usiku, na mtihani wa taifa unapokaribia hukesha na miguu kwenye beseni la maji baridi ili asilale, huku akisifiwa kwa bidii. Kwa mwenye kifafa, hasa kile cha mishtuko ya asubuhi, usiku mmoja wa namna hiyo unaweza kutosha kuleta shambulio, na mashambulio mengi yanayotokea wakati wa mitihani hayahitaji maelezo ya husuda. Pombe hufanya kazi hiyohiyo, na wasichana wengine huona mashambulio yakiongezeka karibu na siku zao za hedhi. Wanaofunga Ramadhani wanapaswa kuzungumza na tabibu kabla ya mwezi kuandama: dawa ya mara mbili kwa siku inaweza kuhamishiwa daku na futari, lakini ya mara tatu haihamishiki kirahisi, usingizi unakatika kila usiku, na dini yenyewe imemruhusu mgonjwa kula. Kichocheo kikubwa kuliko vyote, hata hivyo, ni kidonge ambacho hakikumezwa. Kijana anayeficha dawa ndani ya tranka ili wenzake wasizione ataikosa siku ambayo bweni limejaa watu, na siku hiyo huja mara nyingi.

Mahenge, na hofu ya mate

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, daktari mzaliwa wa Norwe, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa Mahenge, katika wilaya ya Ulanga mkoani Morogoro. Aliwakuta wagonjwa wengi kupita kiasi kwa eneo dogo kama lile, wengi wao watoto na vijana, na aliandika juu ya upweke wao: waliokula peke yao kwa vyombo vyao wenyewe, waliolala kando, na walioungua vibaya kwa kuangukia moto wa kuni bila mtu kuthubutu kuwavuta. Sababu ya kutowavuta ilikuwa imani kwamba ugonjwa huingia kwa mwingine kupitia mate na uchafu wa mwili unaotoka wakati wa shambulio. Imani hiyo haikuishia Mahenge wala haikuishia miaka hiyo. Bado ipo, na makovu ya moto kwenye mikono na nyuso za watu wenye kifafa vijijini ni ushahidi wake unaoonekana kwa macho.

Mapovu ni mate ya kawaida. Wakati wa shambulio mtu hamezi, pumzi inasukumwa kwa nguvu kupitia meno yaliyoumana, na mate yanachanganyika na hewa. Yakiwa na damu, ni kwa sababu ulimi au shavu limeng'atwa. Hakuna kijidudu cha kifafa ndani yake, kwa kuwa kifafa hakina kijidudu kinachotoka kwa mtu kwenda kwa mtu.

Tukisema hivyo, ni lazima tuseme pia kwamba wakazi wa Mahenge hawakukosea walipohisi kuwa kulikuwa na kitu katika mazingira yao. Kifafa kilionekana kurundikana katika baadhi ya vijiji na baadhi ya familia, na baadhi ya watoto walikuwa na dalili ya pekee ambayo Jilek-Aall aliielezea: kichwa huinama na kuinuka mfululizo kama cha mtu anayesinzia. Miongo kadhaa baadaye hali kama hiyo ilitikisa kaskazini mwa Uganda na Sudan Kusini, ambako iliwaanza watoto kuanzia umri wa miaka mitatu hadi 18, mara nyingi pale wanapoanza kula. Maeneo yote hayo yana jambo moja la pamoja, nalo ni usubi, ugonjwa wa minyoo unaoenezwa na nzi wadogo weusi wanaozaliana kwenye mito iendayo kasi, ambao wengi wanaufahamu kwa kusababisha upofu. Namna hasa minyoo hiyo inavyoudhuru ubongo bado inachunguzwa, lakini uhusiano wa usubi na kifafa umeonekana tena na tena katika tafiti, na hilo linaipa uzito mpya dawa ya ivamektini inayogawiwa bure kama kingatiba. Kijana wa Ulanga anayekwepa foleni ya kingatiba kwa sababu haoni tatizo la macho anapaswa kuambiwa jambo hili.

Chanzo kingine kinachozuilika ni tegu wa nguruwe, na hapa kuna utata unaohitaji kufumuliwa kwa uangalifu. Mtu akila kitimoto isiyoiva yenye malengelenge ya tegu, anapata mnyoo tumboni. Mnyoo huo hutaga mayai yanayotoka na kinyesi, na anayemeza mayai hayo, kupitia mikono isiyonawiwa, mboga au maji yaliyochafuliwa, ndiye ambaye viluwiluwi wanaweza kusafiri hadi ubongoni mwake na kumsababishia kifafa. Kwa hiyo mtu asiyeonja kabisa nyama ya nguruwe naye anaweza kukipata, ikiwa jirani yake ana tegu na hatumii choo. Kupika nyama hadi iive, kufungia nguruwe bandani na kutumia vyoo ni mlolongo mmoja. Vyanzo vingine tunavifahamu: mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, homa ya uti wa mgongo, jeraha la kichwa, na siku hizi ajali za bodaboda bila kofia ngumu. Baadhi ya aina hurithiwa kwa kiasi, ikiwemo ile ya mishtuko ya asubuhi, na kwa wagonjwa wengi chanzo hakijulikani kamwe.

Dakika tano

Anaposhikwa mwenzako, angalia saa kwanza, kwa sababu dakika moja ya shambulio huonekana kama kumi kwa anayetazama, na uamuzi mkubwa unategemea muda. Sogeza madawati, mawe, jiko au chochote kinachoweza kumuumiza, weka sweta au mkoba chini ya kichwa chake, legeza tai na kola. Usimkandamize ili asitikisike, kwani kutikisika hakuzuiliki kwa nguvu za mikono na unaweza kumvunja kiungo. Usimtie kijiko, kitambaa wala kidole mdomoni: mtu hawezi kuumeza ulimi wake, lakini anaweza kuvunjika jino na kulivuta kwenye njia ya hewa. Usimpe maji wala dawa ya kumeza, usimnusishe kiatu, usimmwagie maji. Mtikisiko ukipungua mlaze kwa ubavu ili mate yatoke nje. Mashambulio mengi hukoma yenyewe ndani ya dakika mbili au tatu. Likipita dakika tano, au likifuatiwa na jingine kabla hajazinduka, au akiwa ameumia, ni mjamzito, ameshikwa akiwa ndani ya maji, au hilo ni shambulio lake la kwanza, akimbizwe hospitalini bila kusubiri.

Picha ya video fupi inamsaidia sana tabibu. Shule nyingi haziruhusu wanafunzi kuwa na simu, kwa hiyo simu ya mwalimu au matroni ndiyo itakayotumika, na video hiyo ni ya tabibu na familia peke yao. Kuituma kwenye kundi la WhatsApp ni kumvua mtu nguo mbele ya umati wakati hana fahamu za kujifunika.

Vidonge, wasichana na sheria

Katika hospitali nyingi za wilaya dawa za kifafa hutolewa kwenye kliniki ya afya ya akili, utaratibu unaoeleweka kwa upande wa watumishi waliopo, lakini unaomfanya kijana wa miaka 15 ajiulize kama amekuwa kichaa. Aelezwe mapema kwamba kifafa ni ugonjwa wa ubongo, na kwamba chumba cha kliniki hakibadilishi jina la ugonjwa. Aelezwe pia kwamba dozi hupimwa kwa uzito wa mwili, hivyo iliyomtosha akiwa na kilo 35 inaweza kuzidiwa atakapofika 55, na mashambulio yakirudi wakati wa kubalehe haina maana kwamba dawa imeshindwa au mganga fulani alikuwa na ukweli. Familia nyingi hutumia dawa pamoja na maombi au kombe, nami sioni sababu ya kuzigombanisha, mradi kidonge kisiachwe. Kuacha ghafla ni hatari, kwani kunaweza kuleta mashambulio yasiyokatika, na hayo huua.

Msichana anahitaji maelezo ya ziada ambayo mara nyingi hapewi kwa sababu ya haya ya wakubwa. Sodiamu valproeti, dawa yenye nguvu kwa kifafa cha mishtuko, ina madhara makubwa kwa mimba: takriban watoto 10 katika kila 100 waliokuwa tumboni mama akiitumia huzaliwa na kasoro za maumbile, na 30 hadi 40 hupata matatizo ya ukuaji wa akili na tabia. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani linashauri isitumike kwa wasichana na wanawake wanaoweza kushika mimba pale ambapo dawa nyingine inafaa. Aliye nayo sasa asiitupe, aende akaulize. Upande wa pili, fenobabitoni, fenitoini na kabamazepini hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na vijiti vya mkononi, jambo ambalo binti anapaswa kulisikia kwa mtoa huduma kabla hajalijua kwa kubeba mimba.

Halafu ipo ndoa. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 ilikitaja kifafa waziwazi, pamoja na ugonjwa wa akili, miongoni mwa mambo ambayo yakiwapo wakati wa kufunga ndoa yanaweza kuifanya ibatilishwe mahakamani. Najua kwamba wabunge wa wakati ule waliandika kwa uelewa wa wakati ule. Lakini binti anayejua kwamba jina la ugonjwa wake limo katika orodha hiyo ana kila sababu ya kuuficha, na anayeficha ugonjwa hufika kliniki amechelewa, au hafiki.

Nyumbani na shuleni tahadhari chache zinatosha: alale kitanda cha chini kama bweni lina vitanda vya dabo deka, apike kwenye jiko lililoinuliwa au lenye kizuizi, asiogelee wala kuteka maji kisimani peke yake, asiendeshe pikipiki hadi tabibu amruhusu. Zaidi ya hapo aachwe aishi. Kumzuia mpira, safari za shule na sherehe kwa kisingizio cha kumlinda kunamwongezea huzuni, na huzuni kubwa tayari huwapata watu wenye kifafa zaidi ya wengine.

Turudi kwa yule kijana aliyelala chini karibu na mlingoti wa bendera. Kwa dakika kadhaa, pengine kwa saa nzima, atakuwa na usingizi na maneno yake hayatapangika. Huenda amejikojolea, afunikwe kwa sweta, na umati uondolewe. Mtu mmoja anayemfahamu akae karibu naye. Atakapouliza nini kimetokea, aambiwe kwa mfuatano, kwa sauti ya kawaida: ulikuwa umesimama, mkono wa kulia ukashtuka mara mbili, ukaanguka, ukatikisika dakika mbili, umelala robo saa, sasa ni saa mbili kasorobo. Kisha maneno hayohayo yaandikwe kwenye daftari pamoja na tarehe, saa alizolala usiku uliopita na kama alimeza dawa, na daftari hilo awe nalo atakapokwenda kliniki.